Barua ya wazi kuhusu saa za uongozi na uraia katika kambi za JKT

Kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Kwa Mkuu wa JKT,
Kwa wakuu wa vikosi vinavyopokea vijana wa mujibu wa sheria, yaani wahitimu wa kidato cha sita wanaotakiwa kisheria kupitia mafunzo ya JKT,
Nakala kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia.

Waheshimiwa na Makamanda,

Kila mwaka, mara baada ya mtihani wa kidato cha sita, maelfu ya vijana hufunga safari kwenda Ruvu, Mafinga, Makutupora, Msange, Mlale, Rwamkoma na vikosi vingine. Begani wana begi lenye bukta ya bluu, raba, shuka mbili na vyeti vyao. Wakirudi nyumbani miezi mitatu baadaye, wazazi huona mabadiliko: kijana anaamka mapema, anatandika kitanda, anatembea kifua mbele. Kwata, utimamu wa mwili, usomaji ramani, ulengaji shabaha, huduma ya kwanza na ujanja wa porini vinafundishwa na watu wanaovijua. Barua hii haina neno na sehemu hiyo.

Tunaandika kwa ajili ya sehemu nyingine iliyomo kwenye ratiba, uongozi, uraia na uzalendo. Sisi ni walimu wa Uraia wa shule za sekondari na wakufunzi wastaafu wa vijana. Hoja yetu ni moja: uongozi na uraia vifundishwe kwa vitendo, jinsi bunduki inavyofundishwa. Hakuna mkufunzi anayefundisha kufungua na kufunga silaha kwa mhadhara wa watu mia tano. Kila kuruta huishika mwenyewe, hukosea, husahihishwa, hurudia. Uongozi na uraia navyo vinataka kushikwa.

Tuanze na uraia, kwa kuwa ndiko muda mwingi unakopotea. Kijana aliyemaliza kidato cha sita amekwisha kusoma Uraia miaka minne na General Studies miwili. Anaweza kukutajia mihimili mitatu ya dola hata umwamshe usiku. Ukimkusanya na wenzake bwaloni saa nane mchana, tumbo limeshiba na miguu bado inauma kwa mchakamchaka wa alfajiri, ukamsomea tena mihimili hiyo mitatu, atalala. Atalala akiwa amekaa wima, macho wazi, na hakuna koplo atakayemgundua. Si utovu wa nidhamu huo. Mwili ulioamka saa kumi alfajiri unadai haki yake, na somo halimpi kichwani kazi ya kufanya.

Tunapendekeza vipindi 20 vya dakika 80, viwili kwa wiki, kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili. Kila kipindi kiwe cha platuni moja, vijana 36 hivi, saa tatu asubuhi baada ya kifungua kinywa, chini ya mti kama darasa halipo. Vinne viwe vya Katiba, sita vya serikali za mitaa, vinne vya fedha za umma, vitatu vya mijadala ya historia, viwili vya kupima taarifa na ushahidi, na kimoja cha tathmini.

Kwenye vipindi vya Katiba, vijana waisome Katiba ya mwaka 1977 yenyewe badala ya muhtasari wake. Nakala moja kwa vijana watatu inatosha, yaani nakala 12 kwa platuni, na platuni tatu za kombania zikipishana vipindi, nakala hizo hizo 12 zinazihudumia zote. Waanzie Ibara ya 8, inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Wapite ibara za haki kuanzia ya 12, wafike za wajibu: kutii sheria (26), kulinda mali ya umma (27), kulinda Taifa (28). Kisha wapewe visa vifupi kwenye kadi na watafute ibara inayohusika. Mwenye duka amemkatalia mteja risiti. Mwenyekiti wa kitongoji anachangisha fedha bila stakabadhi. Askari anamweka mtu mahabusu bila kumwambia kosa. Watabishana, na katika kubishana watajikuta wanasoma ibara nzima kwa mara ya kwanza.

Ibara moja isirukwe kabisa, nayo ni ya 147, inayomzuia mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Kijana aliyevaa kombati kwa miezi mitatu aelewe kwa nini kizuizi hicho kipo, na kambi yenyewe iwe mfano. Nyimbo za mchakamchaka zitaje nchi, milima yake, mito yake na kazi za watu wake, zisitaje chama wala mgombea. Nyimbo za namna hiyo zipo tele na zinachangamsha vilevile.

Kiini cha vipindi vya serikali za mitaa kiwe mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria yetu, mkazi yeyote wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, na unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Vijana hawa karibu wote wana umri huo. Wengi hawajawahi kuhudhuria hata mmoja, na wengine hawajui kama wana nafasi humo. Basi platuni igeuke kijiji. Watu 15 wawe halmashauri ya kijiji pamoja na mwenyekiti wao, idadi ya chini inayokubalika kisheria, na wanawake wasipungue wanne ili robo itimie. Mmoja awe mtendaji. Waliobaki 20 ni wananchi. Ajenda ziwe mbili tu: taarifa ya mapato na matumizi, na mahali pa kujenga zahanati.

Taarifa hiyo ya mapato na matumizi iandaliwe na mkufunzi mapema, ukurasa mmoja, ikiwa na makosa matatu ya makusudi: jumla isiyolingana na mistari yake, malipo yasiyo na kumbukumbu ya kikao kilichoyaidhinisha, na mchango ulioandikwa mara mbili. Wananchi wasiambiwe kuna makosa mangapi. Mtendaji aisome kwa sauti mara moja, kisha nakala zigawiwe. Kwa kawaida platuni huligundua kosa la jumla haraka, kwa sababu ni hesabu. Malipo yasiyo na idhini hupita, kwa kuwa hakuna anayeomba kuona muhtasari wa kikao kilichopita. Hapo mkufunzi asimamishe mkutano na kuuliza swali moja tu: nani aliidhinisha, na imeandikwa wapi? Kijana aliyeulizwa hivyo kambini, siku moja atauliza kijijini kwao.

Zoezi hili huharibika kwa namna tatu. Mwenyekiti huzungumza peke yake mkutano mzima, kwa hiyo pawe na mtunza saa na kila mchangiaji apewe dakika mbili. Wasichana hupewa kuandika muhtasari na wavulana hupewa uenyekiti, kwa hiyo nafasi zipigiwe kura ya vikaratasi. Tatu, muhtasari hauandikwi kabisa. Uandikwe siku hiyo hiyo, usomwe, usainiwe, na mkutano wa pili uanze kwa kuuthibitisha, kama ilivyo kwenye mkutano wa kweli.

Baada ya mikutano miwili ya mfano, wapelekwe kwenye mkutano halisi wa kijiji jirani, tarehe zikiwiana. Kama haziwiani, wapelekwe kwenye ofisi ya mtendaji waone ubao wa matangazo: je, mapato na matumizi yamebandikwa, na ni ya robo ipi? Barua ya ruhusa ipite kwa mkurugenzi wa halmashauri wiki nne kabla. Waende sita sita, si platuni nzima. Wavae nguo za michezo, wakae nyuma, wasiseme chochote. Vijana 36 wenye kombati wakiingia kwenye mkutano wa kijiji, wanakijiji watanyamaza au watasema wanachodhani kinatakiwa, na somo litakuwa limekufa kabla halijaanza.

Kwenye fedha za umma, chukueni mfano unaowagusa: asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wapige hesabu. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 2, fungu la vijana ni milioni 80. Kisha waandike barua ya ukurasa mmoja kuomba taarifa ya mikopo ya mwaka uliopita, wakitumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Barua nyingi za mwanzo huwa malalamiko. Mkufunzi azirudishe mpaka ziseme kinachoombwa ni waraka gani, wa kipindi gani na unahitajika kwa namna gani.

Kwenye mijadala ya historia, tunaomba JKT iwe na ujasiri wa kuijadili historia yake yenyewe. Jeshi hili lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu walitumikie kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wangekuwa kazini wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana Dar es Salaam kupinga. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akawafukuza masomoni, na hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Mafunzo hayo ya lazima yaliendelea hadi yaliposimamishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013.

Ndani ya kisa hicho mna karibu kila swali la uraia. Anayesomeshwa kwa fedha za mkulima anamdai nini mkulima, na anadaiwa nini? Maandamano yale yalikosea hoja, yalikosea lugha, au hayakukosea? Adhabu ilikuwa na uwiano? Kiongozi aliyejikata mshahara kwanza alifundisha nini? Gawanyeni platuni pande mbili, dakika 30 za kujiandaa, dakika 30 za hoja, kisha wabadilishane pande kwa dakika 20 zilizobaki. Kubadilishana huko ndiko kunakofundisha. Kijana aliyetetea Serikali alazimike kuwatetea wanafunzi kwa nguvu ile ile, na kinyume chake. Mkufunzi asitoe hukumu mwishoni. Nchi yenye vijana wanaoweza kueleza kwa haki hoja ya wasiyekubaliana naye ina ulinzi ambao hauwezi kununuliwa.

Sasa uongozi. Siku ya kwanza kambini, afande huhitaji msaidizi haraka, na humchagua mwenye sauti kubwa au aliyekuwa kiranja mkuu shuleni. Kijana huyo hubaki kiongozi hadi paredi ya kufunga mafunzo. Anazidi kuwa hodari kwa jambo alilokuwa analiweza tayari. Wenzake wote waliobaki kwenye sekisheni hujifunza kufuata tu. Kwa hesabu hiyo, mafunzo ya uongozi yamemfikia mmoja kati ya 12.

Dawa yake ni zamu, na hesabu inakubali. Wiki kumi zenye siku sita za kazi ni siku 60. Sekisheni ya vijana 12 ikipokezana uongozi kila baada ya siku mbili, mzunguko wa kwanza unakwisha kwa siku 24. Mzunguko wa pili uwe wa siku tatu kwa kila mmoja, yaani siku 36. Jumla 60, na hakuna aliyerukwa: si mpole, si mwenye kigugumizi, si msichana mwembamba wa mstari wa nyuma, wala kijana mwenye ulemavu anayeripoti Ruvu. Mzunguko wa pili ni wa lazima. Wa kwanza kijana hujifunza kwamba amekosea, wa pili ndipo hupata nafasi ya kujirekebisha, na ukikosekana huondoka kambini akiamini kuwa hakuumbiwa kuongoza.

Kiongozi wa zamu apewe kazi ya kweli na atoe maagizo kwa mpangilio ule ule wa jeshini: hali, lengo, utekelezaji, utawala, mawasiliano. Chukueni kazi ndogo ya bustani. Hali: matuta 20 ya mchicha, pampu imeharibika, maji yanachotwa kisimani. Lengo: matuta yote yawe yamemwagiliwa kabla ya saa 12 na robo jioni. Kila tuta linataka ndoo 6, hivyo zinahitajika ndoo 120. Vijana kumi wenye ndoo kumi watakwenda safari 12 kila mmoja, na safari moja ikichukua dakika tano, kazi inakwisha kwa saa moja. Wakianza saa 11 jioni, wanamaliza saa 12 kamili.

Kuruta asiyefundishwa huanza na utekelezaji: «Wewe na wewe na wewe, chukueni ndoo!» Anagundua baadaye kwamba stoo ina ndoo sita. Kwa ndoo sita ni safari 20, dakika 100: saa 12 na robo inafika huku matuta matano hayajaguswa, na kazi inakwisha saa 12 na dakika 40. Aliyeanza na hali angezihesabu ndoo kabla, akaomba nne jikoni au akaanza mapema. Na kwa sababu hakusema lengo, wale vijana wengine wanasimama wakingoja kuambiwa, badala ya kufikiri wenyewe namna ya kulifikia. Somo zima la kupanga limo kwenye ndoo nne zilizopungua, na halihitaji bajeti.

Kazi ikiisha, zitengwe dakika kumi za tathmini. Maswali ni manne: tulitakiwa kufanya nini, kimetokea nini, kwa nini pana tofauti, zamu ijayo tubadilishe nini? Waanze kusema wanasekisheni, afuate kiongozi wa zamu, koplo awe wa mwisho. Mpangilio huu ndio uhai wa zoezi. Koplo akianza, hakuna kuruta atakayeongeza neno zaidi ya «Ndiyo, afande.» Jibu la swali la nne liandikwe kwenye daftari la sekisheni, mstari mmoja, na kiongozi anayepokea zamu alisome kabla ya kushika kazi.

Wakati wa maombi ya vyuo nao ni darasa tayari. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai vijana wakiwa kambini, na maombi ya vyuo na mikopo huangukia humo humo. Kiongozi wa zamu apange mwenyewe: vijana 36, kompyuta 6, dakika 40 kila mmoja, ni mizunguko sita, saa nne. Nani aanze? Mwenye cheti kilichokosewa jina, au mwenye nyaraka kamili? Hapo anagawa kitu adimu kwa haki, na wenzake wanamtazama.

Kuhusu adhabu tutasema wazi. Kosa la mmoja likiadhibiwa kwa kundi zima, kundi hujifunza kuficha. Simu iliyoingizwa kinyemela haitatajwa, ugonjwa hautaripotiwa, na siku ya jambo zito afande ndiye atakayekuwa wa mwisho kujua. Aliyekosa aadhibiwe yeye, kwa kosa lililotajwa, na kiongozi wa zamu aulizwe alifanya nini kulizuia. Pamoja na hilo, kila kijana afundishwe wiki ya kwanza tofauti ya amri halali na isiyo halali, na njia ya kulalamika: koplo, sajenti wa platuni, kamanda wa kombania. Kwa wasichana awepo ofisa mwanamke aliyetajwa kwa cheo na mahali anapopatikana, nje ya mlolongo huo, ili anayelalamikiwa asiwe ndiye mlango wa malalamiko.

Haya yote yanamtegemea koplo na sajenti, na ni wachache waliowahi kufundishwa kuongoza mjadala. Tunaomba mafunzo ya siku tano kwao katikati ya Mei, kabla vijana hawajaripoti: siku moja ya maagizo na tathmini, mbili za mkutano wa kijiji na Katiba, moja ya kuendesha mjadala bila kutoa hukumu, na moja ya kufundishana wenyewe. Kila kombania ipewe pia mwalimu mmoja wa Uraia kutoka shule za jirani, atakayekaa na koplo kwenye vipindi. Likizo ya Juni inaruhusu kuanza, na kwa miezi inayobaki, akikaa kwenye vipindi viwili tu kwa wiki, mwalimu hataondolewa shuleni kwake.

Hatuombi vikosi vyote kwa mara moja. Ruvu, Mafinga na Makutupora zinatosha, kombania moja kila kikosi, na kombania nyingine za hapo hapo ziendelee na utaratibu wa sasa ili pawe na cha kulinganisha. Wiki ya mwisho vijana wa pande zote mbili wapewe kazi moja wasiyoijua, taarifa moja ya mapato na matumizi yenye makosa, na dakika 40. Wasahihishaji wasijue karatasi imetoka kombania ipi. Baada ya miezi sita, watumiwe maswali mawili kwa simu: umehudhuria mkutano wa kijiji au mtaa wako, na umeongoza nini?

Ratiba ya vipindi 20, kadi za visa, mifano mitatu ya taarifa zenye makosa na fomu ya tathmini ya kiongozi wa zamu tumekwisha kuziandika kwa Kiswahili. Tuko tayari kuzikabidhi Makao Makuu ya JKT, Chamwino, siku yoyote tutakayoitwa, na kuzirekebisha pamoja na wakufunzi wenu kabla ya Mei.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Walimu wa Uraia na wakufunzi wastaafu wa vijana